Kuipanga na Kuipamba Sebule ya Familia kwa Fedha Kidogo

Sebule katika nyumba nyingi za mijini haina kazi moja. Katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili kule Temeke au Mbagala jijini Dar es Salaam, chumba hicho hicho hupokea wageni asubuhi, huwa mahali pa chakula mchana, hugeuka darasa la watoto jioni, na usiku humlaza binamu aliyekuja mjini kutafuta kazi. Hata hivyo, tunapopata fedha ya kukiboresha, wengi wetu hukifikiria kwa kazi moja tu, nayo ni kumpendeza mgeni. Ndiyo maana fedha huishia kwenye seti kubwa ya makochi na kabati la vioo lililojaa vyombo visivyotumika, huku watoto wakiandika kazi za shule wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni. Mwongozo huu unashika njia nyingine: kwanza chumba kipewe nafasi ya kazi zake zote, kisha kipambwe kwa vitu vinavyofanya kazi hizo. Katika hesabu nitatumia sebule ya mita 4 kwa mita 3.5, yenye kuta za kimo cha mita 2.7, mlango mmoja na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2. Msomaji abadilishe tarakimu kulingana na chumba chake.

Kabla ya kununua

Kazi ya kwanza haigharimu chochote. Toeni vitu vyote vinavyoweza kubebwa, mviweke uani au kwenye kibaraza, kisha mrudishe kimoja kimoja mkiulizana kila kimoja kinatumiwa na nani na lini. Redio iliyokufa, viti vya plastiki vilivyovunjika miguu, maboksi ya televisheni yaliyohifadhiwa kwa ajili ya dhamana iliyokwisha zamani, na maua ya plastiki yaliyobadilika rangi kwa vumbi, vyote hivyo havina sababu ya kurudi. Familia nyingi hugundua katika hatua hii kwamba kilichokuwa kinawasumbua si uchache wa samani, bali wingi wake.

Chumba kikiwa kitupu, chukueni futi ya fundi au ya ushonaji mpime urefu, upana, kimo, nafasi kati ya dirisha na kona, na upande ambao mlango unafungukia. Chora ramani kwenye karatasi ya hesabu ya watoto, kila mraba ukiwakilisha sentimita 10 au 20, kisha kata vipande vya karatasi vyenye vipimo vya samani zenu na uvisogeze juu ya ramani. Njia ya kupita iwe na upana usiopungua sentimita 75, na kati ya kochi na meza ya kahawa ziachwe sentimita 40 hadi 45, ili mtu apite bila kugonga ugoko na aweze kufikia kikombe bila kusimama. Dakika chache za kusogeza karatasi hukuepusha na aibu ya kuona kochi jipya likikwama mlangoni mbele ya majirani.

Mpangaji anatakiwa kupima jambo jingine tena: kitu gani atakiacha atakapohama na kipi ataondoka nacho. Rangi ya ukuta, dari ya jipsamu na vigae ni mali ya mwenye nyumba mara tu vinapowekwa. Mapazia, mikeka, taa za mezani, rafu za kusimama na samani huondoka na mwenye kuvinunua. Kwa maoni yangu, mtu anayelipa kodi kwa miezi sita sita hana sababu ya kuweka jipsamu yenye taa za rangi katika dari ya mwenzake, hata kama kila nyumba mtaani inayo. Rangi ni jambo tofauti kwa sababu ni nafuu na hubadilisha chumba chote, ila ni busara kuzungumza na mwenye nyumba kwanza, kwani wapo wanaokubali kukata sehemu ya gharama hiyo kwenye kodi, na makubaliano ya namna hiyo yaandikwe.

Kuta na rangi

Hakuna fedha inayozaa matunda sebuleni kuliko fedha ya rangi, na hakuna inayopotea kirahisi kama hiyo endapo ukuta haukuandaliwa. Anza kwa kupitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, ukuta ulipakwa chokaa au rangi duni, na rangi yoyote mpya itakayowekwa juu yake itabanduka pamoja na unga huo. Ukuta wa aina hiyo ukwanguliwe, upigwe msasa, ufutwe kwa kitambaa kibichi, kisha upakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kuishikisha ile ya juu. Mahali palipopasuka pajazwe pati, pakauke, pasawazishwe. Ikiwa rangi ya zamani ni ya mafuta na nyumba ni ya miaka mingi, msasa utumike ukiwa na maji, kwa kuwa rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo.

Nyumba za pwani zina adui wa pili, ambaye ni unyevu. Madoa meusi ya ukungu huoshwa kwa maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, madirisha yakiwa wazi, na dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya choo wala kitu chochote chenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Lakini kuosha doa bila kuziba chanzo ni kujisumbua. Doa lililo juu karibu na dari huonyesha bati au bomba linalovuja. Doa linalopanda kutoka sakafuni huonyesha msingi unaofyonza maji ya ardhini. La kwanza ni kazi ya fundi bati au fundi bomba, na la pili ni la mwenye nyumba. Ukuta unaofyonza maji usipakwe rangi ya mafuta, kwa kuwa maji yatakosa pa kutokea na rangi itavimba malengelenge.

Hesabu ya rangi ni rahisi, na inafaa ifanywe na mnunuzi mwenyewe kabla ya kumsikiliza muuza duka. Mzunguko wa chumba chetu ni mita 15. Ukizidisha kwa kimo cha mita 2.7 unapata mita za mraba 40.5. Toa mlango na madirisha, unabaki na karibu 35. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja, kwenye ukuta laini, hivyo mikono miwili inahitaji lita 7, yaani galoni mbili za lita 4, na lita moja inayobaki ihifadhiwe kwa kurekebishia mikwaruzo. Ndoo ya lita 20 ambayo mafundi wengi hupenda kuiagiza haihitajiki hapa.

Penye watoto wadogo, mtindo wa zamani wa kupaka nusu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta na nusu ya juu rangi ya maji bado haujapata mshindani. Ukipandisha rangi ya mafuta hadi sentimita 120, alama za mikono, kalamu na migongo ya viti zitafutika kwa kitambaa chenye sabuni. Kwa chumba chetu, galoni moja ya kila aina inatosha mikono miwili. Rangi ya chini iwe nzito kidogo kuliko ya juu, kwa mfano udongo mwekundu au kijani cha majani makavu chini na rangi ya maziwa juu, na mstari wa mpaka upigwe kwa uzi wa chaki na usimamiwe kwa utepe wa karatasi. Dari ibaki nyeupe, kwa sababu ndiyo inayorudisha mwanga chini.

Katika maduka ya mapambo zimeenea karatasi za kubandika na vibao laini vya sponji vinavyoiga matofali. Sivipendekezi kwa nyumba za pwani. Joto na unyevunyevu huiachisha gundi, na siku ya kuvibandua huondoka na rangi yote iliyokuwa chini yake.

Mapazia

Dirisha lenye mapazia mazuri husitiri mapungufu mengi ya chumba, lakini mapazia yanayoonekana ya kimaskini mara nyingi si ya kitambaa cha bei ndogo, ni ya kitambaa kichache. Kanuni ya mafundi cherehani ni kwamba upana wa kitambaa uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya urefu wa bomba la pazia. Bomba lenyewe lipite pembeni mwa dirisha kwa sentimita 20 kila upande na likae sentimita 15 juu ya fremu, ili pazia likifunguliwa lisizuie mwanga wala upepo na dirisha lionekane kubwa kuliko lilivyo. Kwa dirisha la mita 1.5, bomba litakuwa na mita 1.9, na kitambaa kitahitaji upana wa kati ya mita 2.85 na 3.8.

Hapo ndipo kitenge kinapoonyesha thamani yake. Kitenge kizima cha yadi 6 kina urefu wa karibu mita 5.5 na upana wa takriban sentimita 115. Pazia fupi linaloanzia kwenye bomba na kuishia sentimita 20 chini ya dirisha, pamoja na pindo za juu na chini, linahitaji urefu wa sentimita 175. Ukikata mara tatu unatumia mita 5.25, na vipande vitatu vikiunganishwa hutoa upana wa mita 3.45, ambao unaingia vizuri ndani ya kanuni. Kwa hiyo kitenge kimoja kinatosha dirisha moja, na viwili vya mchoro mmoja vinatosha chumba. Kipande kinachobaki kitafunga mapazia pembeni. Anayetaka mapazia yafike sakafuni atahitaji zaidi ya mita 7 kwa kila dirisha, na hapo kitambaa cha mapazia kinachouzwa kwa mita Kariakoo, ambacho huwa kipana, huenda kikawa nafuu zaidi. Pamba isiyo na bitana hupauka kwa jua, hivyo dirisha linalotazama magharibi lishonewe bitana nyeupe.

Chaguo la tatu ni mitumba. Mapazia ya belo yanayouzwa Karume, Ilala, au Gikomba kwa wasomaji wa Nairobi, mengi yalishonwa kwa madirisha marefu ya ng'ambo. Ni mazito, yana bitana tayari, na pazia moja refu huweza kukatwa na kuwa mawili. Yakaguliwe juani yakiwa yametandazwa ili kuona palipoungua, pimeni kwa futi badala ya kukadiria kwa macho, na hakikisheni vipande viwili vinatoka kwenye jora moja. Nyumbani yaloekwe, yafuliwe na yaanikwe juani kabla ya kutundikwa.

Mkiwa dirishani, osheni na wavu wa mbu. Wavu ulioziba kwa vumbi huzuia upepo, na familia hulaumu feni.

Mwanga

Taa moja nyeupe katikati ya dari humulika kila kitu sawasawa na haipendezi chochote. Taa za LED zimefanya jambo hili kuwa la bei ndogo: balbu ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na tofauti hiyo huonekana kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kinachosahaulika ni kusoma rangi ya mwanga kwenye boksi. Alama ya 2700K hadi 3000K ni mwanga wa manjano unaofaa mazungumzo na kupumzika. 4000K hufaa kusoma. 6500K ni mweupe wenye ubuluu, unaofaa karakana au jikoni, nao ndio huuzwa zaidi. Sebule ya familia inahitaji aina mbili: taa ya dari ya manjano, na taa ya mezani ya 4000K mahali watoto wanapoandikia. Kivuli cha taa chaweza kuwa kikapu cha ukindu kilichogeuzwa juu chini, mradi balbu ni LED, kwa kuwa balbu za zamani za waya hupata joto la kuunguza majani.

Penye pangaboi, taa isiwekwe juu ya mapanga yake, vinginevyo chumba kitamemeteka kila feni inapozunguka.

Samani: mahali ambapo fedha huliwa

Tuizungumze seti ya makochi ya watu saba bila kuoneana haya. Kochi la watu watatu huwa na urefu wa karibu mita 2.1, la wawili mita 1.6, na viti viwili vya mtu mmoja mita 1 kila kimoja, vyote vikiwa na kina cha sentimita 90. Jumla yake ni zaidi ya mita za mraba 5. Chumba chetu kina mita za mraba 14, maana yake zaidi ya theluthi ya sakafu imekwisha kabla ya meza, televisheni na binadamu. Seti hiyo ilibuniwa kwa ajili ya ukumbi, nasi tunaiingiza katika chumba, kisha tunapita kwa ubavu.

Mpango unaofaa zaidi kwa chumba cha ukubwa huu ni kochi moja la watu watatu, viti viwili vyepesi vinavyobebeka kwa mkono mmoja, na kitanda cha mchana. Hiki cha mwisho ndicho ningekinunua kwanza. Ni fremu ya mbao inayobeba godoro la futi 3 kwa 6, ambalo hupatikana katika kila duka la magodoro. Godoro likiwa na unene wa inchi 6, yaani sentimita 15, fremu ijengwe kwa kimo cha sentimita 25 hadi 28 ili kikao kifike sentimita 40 au zaidi kidogo, kimo kinacholingana na kochi. Mchana hufunikwa shuka nzito na kupangiwa mito mirefu ukutani kwa ajili ya kuegemea; usiku mito huondolewa na mgeni hulala juu ya godoro la kweli badala ya kujikunja kwenye kochi. Chini yake huingia masanduku mawili yenye magurudumu ya kuhifadhia mashuka na blanketi. Gharama yake ni fremu rahisi na godoro, na kinachukua nafasi ya kochi la watu wawili.

Karakana za Keko jijini Dar es Salaam, na wenzao katika kila mji, hujenga kwa vipimo vya mteja, na hiyo ndiyo faida kubwa ya fundi kuliko duka. Nenda na mchoro wenye vipimo, si picha ya simuni peke yake. Uliza mbao. Paina, ambayo nyingi hutoka katika mashamba ya miti ya Sao Hill wilayani Mufindi, ni nafuu na yafaa kwa fremu iliyofunikwa, ilimradi imekauka na imetiwa dawa ya mchwa na bungua. Mbao mbichi hupinda baada ya miezi michache na skrubu hulegea. Mninga ni wa bei kubwa, na ni hasara kuununua kisha kuufunika kwa kitambaa. Bodi za chembechembe za mbao huvimba zikipata maji, na kwa kuwa sakafu zetu hupigwa deki kila siku, kabati la bodi hizo liwe na miguu ya chuma au plastiki ya angalau sentimita 10. Mkague kochi kabla halijavishwa kitambaa: tikisa fremu, hesabu mikanda ya mpira, bonyeza sponji kwa kiganja uone kama inarudi mara moja.

Wenye makochi tayari wasikimbilie kuyauza. Fremu nzuri iliyobonyea kikao huhitaji sponji mpya tu, na iliyochakaa kitambaa huvalishwa upya kwa gharama ndogo kuliko kununua jingine. Vitambaa vya kufuma ambavyo mama zetu huviweka kwenye migongo ya makochi navyo vina kazi yake, kwani huzuia mafuta ya nywele yasiingie kwenye kitambaa kikuu. Vibaki, ila vifuliwe kila wiki.

Foronya za mito midogo ni mahali pa kutumia khanga. Kipande kimoja, chenye takriban sentimita 150 kwa 110, hutoa miraba sita ya sentimita 43, ambayo ni foronya tatu za mito ya sentimita 40. Doti nzima hutoa sita. Osheni khanga kwanza ili itoe rangi ya ziada na irudi kama ni ya kurudi. Aidha, someni jina lake kabla ya kukata. Shemeji anayeketi karibu na mto wenye fumbo hawezi kujua kwamba mlipenda rangi tu.

Mezani pa kuandikia watoto, penye nafasi finyu, patengenezwe kwa ubao wa sentimita 40 kwa 90 uliofungwa ukutani kwa bawaba na kushikwa na mnyororo au mguu wa kukunja. Kimo cha sentimita 60 hadi 65 huwafaa watoto wadogo wa shule ya msingi, na 72 hadi 75 wakubwa. Ukikunjwa, hauchukui hata hatua moja ya sakafu.

Kuhifadhi kwa kwenda juu

Wajenzi wa nyumba za kale za mawe huko Lamu waliujua ukuta kuliko sisi. Katika vyumba vya ndani walijenga zidaka, safu za vijishubaka vilivyochongwa ukutani kwa lipu, ambamo waliweka vyombo vya kaure, na hivyo wakapata hifadhi na pambo kwa pamoja bila kupoteza sakafu. Nyumba za matofali ya saruji haziruhusu kuchimba hivyo, lakini wazo lenyewe linafaa. Rafu nyembamba ya sentimita 20 inayopita juu ya mlango na kuzunguka ukuta mmoja, kimo cha mita 2.1, hubeba vitabu, vyombo vya wageni na mafaili ya nyaraka za familia. Kabati la vioo lililokuwa kona nzima huweza kuuzwa, na fedha yake ikanunua mbao, skrubu na plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani. Misumari ya zege isitumike kubeba rafu yenye uzito, kwa sababu hupasua lipu na kulegea.

Vitu vya kila siku vikae chini, kwa kimo cha anayevitumia. Midoli ya watoto ihifadhiwe kwenye matenga au vikapu vilivyo wazi, visivyo na vifuniko, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hatafungua kifuniko ili arudishe kitu. Matenga ya mbao ya nyanya yakipigwa msasa na kupakwa rangi huwa rafu nzuri za vitabu vya watoto. Paleti za mizigo pia hutumika kwa meza na vitanda vya mchana, lakini tazameni mhuri wake: HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, nazo zinafaa, MB maana yake zilifukizwa dawa ya methili bromidi, nazo zisiingizwe ndani. Zisizo na mhuri wowote ni heri kuziacha. Kreti za soda mnazoziona zikigeuzwa rafu kwenye picha za mitandaoni ni mali ya kampuni, na muuza duka wenu anazidaiwa.

Viatu ndivyo vinavyochafua mwonekano wa mlango kuliko kitu kingine. Rafu ya ngazi tatu yenye kina cha sentimita 30, nje kama kibaraza ni salama na ndani kama si salama, humaliza jambo hilo.

Sakafu na kuta zilizovaa

Zulia la manyoya linalofunika chumba kizima ni zito kulifua na hutunza vumbi, na kwa familia yenye mtoto wa pumu ni gharama ya hospitali. Mkeka wa ukindu uliofumwa kwa michirizi ya rangi hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo, hukung'utwa nje, na huwapa watoto mahali pa kukaa. Uanikwe mara kwa mara ili usipate ukungu. Anayependa zulia anunue dogo linaloingia chini ya miguu ya mbele ya makochi tu.

Picha zitundikwe kitovu chake kikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na zilizo juu ya kochi zianzie sentimita 15 hadi 20 juu ya mgongo wake. Kosa lililozoeleka ni kuzipandisha karibu na dari, ambako hakuna azionaye isipokuwa mjusi. Picha tano za familia katika fremu za rangi moja, zikikusanywa ukutani mahali pamoja, hupendeza kuliko picha kumi na tano zilizotawanywa. Kwa kazi ya sanaa yenye asili ya hapa, picha za Tingatinga ndogo zinapatikana kwa bei zinazojadilika. Mtindo huo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta juu ya vibao, una rangi kali kiasi kwamba picha moja inatosha ukuta mzima, na rangi za mito zichaguliwe kutoka humo.

Mimea nayo ni pambo la bei ndogo. Sansevieria, mmea wa majani marefu magumu yanayosimama kama panga, huvumilia kivuli na kusahauliwa, na ndoo tupu ya rangi iliyotobolewa chini ni chungu chake. Sahani ya chini isibaki na maji, kwani mbu wa Aedes, anayeeneza dengue, huzaliana humo.

Televisheni na nyaya

Kitovu cha televisheni kiwe karibu na usawa wa macho ya aliyeketi, yaani sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Kwa skrini ya inchi 43, kochi likiwa umbali wa mita 1.6 hadi 2.7 linatosha, kwa hiyo chumba chetu hakihitaji skrini kubwa zaidi. Nyaya za king'amuzi, redio na chaja zifungwe pamoja kwa vipande vya kitambaa na kupitishwa nyuma ya meza, na soketi ya nyongeza isilazwe chini ya zulia wala isiunganishwe na nyingine. Televisheni inayosimama juu ya meza ifungwe ukutani kwa mkanda, pamoja na rafu yoyote ndefu kuliko mtoto, kwa sababu watoto hupanda vitu hivyo wakifuata rimoti.

Fedha igawiwe kwa mpangilio gani? Ikiwa haitoshi kufanya yote mara moja, ianze na ukuta na taa, kwa kuwa hizo hufanywa chumba kikiwa kitupu na huchafua kila kitu zikifanywa baadaye. Mwezi unaofuata yaje mapazia, kisha kitanda cha mchana au marekebisho ya makochi, halafu rafu. Fremu, mito na mimea vinunuliwe mwisho, kimoja kimoja, baada ya familia kukitumia chumba kwa wiki kadhaa na kuona ni kona ipi inayodai kitu na ipi inayotaka kuachwa wazi. Sehemu moja ya kumi ya bajeti itengwe tangu mwanzo kwa usafiri wa mizigo na vitu vidogo vidogo kama skrubu, msasa na uzi, ambavyo hakuna anayevikumbuka hadi fundi anapokuwa ameshapanda ngazi.